Ulinganisho: RDRAM, 3D XPoint, FRAM na MRAM, HBM – ipi ilipata soko, na kwa nini?

MwalimuSaketi

Wanajamvi, naomba tulinganishe kwa utulivu teknolojia za kumbukumbu ya kompyuta ambazo, kila moja kwa wakati wake, zilitangazwa kuwa ndizo zitakazoipokonya RAM ya kawaida nafasi yake. Nafundisha uhandisi wa kompyuta, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wameniuliza swali ambalo vitabu vya kiada havilijibu. DRAM, yaani hiyo RAM ya kawaida, hadi leo bado ni transista moja na kapasita moja kwa kila biti, wazo lile lile ambalo Robert Dennard wa IBM alipewa hataza yake mwaka 1968. Kapasita hiyo inavuja chaji kiasi kwamba lazima ijazwe upya kila baada ya milisekunde 64 hivi, na umeme ukikatika kila kitu kinapotea. Ikiwa ndivyo, kwa nini hakuna aliyeweza kuiondoa?

Nimeweka mezani nne. RDRAM ya kampuni ya Rambus, iliyosukumwa na Intel kuanzia mwaka 1999. 3D XPoint, ambayo Intel na Micron waliitangaza Julai 2015 na Intel ikaiuza kwa jina la Optane. FRAM (inayohifadhi kwa kapasita ya ferroelektriki) na MRAM (inayohifadhi kwa usumaku), ambazo nazihesabu pamoja kwa sababu zote hazisahau umeme ukikatika na zote zinaandika haraka. Na HBM, yaani chipu za DRAM zinazorundikwa moja juu ya nyingine karibu kabisa na prosesa. Mchangiaji aseme anaipa ipi nafasi ya kwanza na kwa kigezo gani. Mimi naanza na kasi, kwa kuwa ndiyo kila mmoja wao aliyoitangaza.

Mzee wa Bodi

Mwalimu, kasi iweke pembeni kidogo. Niliunganisha kompyuta kwa mkono wakati wa RDRAM, na nakuhakikishia kwamba kwenye karatasi ilikuwa na kila sababu ya kushinda. Moduli ya PC800 ilipitisha gigabaiti 1.6 kwa sekunde kupitia njia nyembamba ya biti 16 tu, wakati SDRAM ya PC133, DRAM ya kawaida ya wakati ule yenye njia ya biti 64, iliishia kwenye gigabaiti moja na kidogo. Intel iliisimamia kwa nguvu zake zote: chipseti ya 820 ilitoka Novemba 1999 kwa ajili yake, na Pentium 4 ilipozinduliwa Novemba 2000, chipseti yake ya 850 haikukubali RAM nyingine yoyote.

Sasa tazama ilivyokuwa mkononi. Moduli za RDRAM ziliunganishwa kwa mfululizo, ishara ikipita ya kwanza ndipo ifike ya pili, kwa hiyo nafasi iliyobaki wazi kwenye bodi haikuweza kuachwa hivyo hivyo; ilibidi uchomeke kipande kisicho na chipu hata moja, kazi yake ikiwa ni kuendeleza njia tu. Moduli zilipata joto kiasi cha kuvalishwa bati la kupoozea, jambo ambalo wakati ule lilikuwa kioja kwa RAM. Kadiri ulivyoongeza moduli, ndivyo data ya kwanza ilivyochelewa kufika, kwa hiyo programu zilizorukaruka huku na kule ndani ya kumbukumbu hazikuuona ule upana uliotangazwa. Chipu yenyewe ilikuwa kubwa kuliko ya SDRAM ya ujazo ule ule, ilihitaji mashine mpya za kupimia kiwandani, na juu ya yote hayo kila mtengenezaji alilipa mrabaha kwa Rambus, ambayo haikuwa na kiwanda bali hataza.

Intel ilipoona bei haishuki, ikabuni kifaa cha kutafsiri ili chipseti ya 820 iweze kutumia SDRAM ya kawaida, na kifaa hicho kikaonekana kina kasoro, hata Mei 2000 ikalazimika kutangaza kwamba itazibadilisha bodi zilizokuwa nacho. Wakati huo huo watengenezaji wa chipu walikuwa wameelekea kwenye DDR, iliyokuwa SDRAM ile ile ikipitisha data mara mbili kwa kila pigo la saa, kwa kiwango kilichopangwa ndani ya JEDEC, mahali ambapo washindani wote hukaa meza moja. AMD ilitoa chipseti ya DDR Oktoba 2000. Moduli ya PC2100 ilifika gigabaiti 2.1 kwa sekunde bila bati na bila vipande vya kuziba nafasi, na kufikia mwaka 2002 Intel yenyewe ilikuwa ikiuza chipseti ya 845 yenye DDR kwa Pentium 4.

Wanafunzi wako wasidhani, hata hivyo, kwamba DDR ilishinda kwa unyoofu. Wizara ya Sheria ya Marekani iliwashitaki watengenezaji wa DRAM kwa kupanga bei kwa siri katika miaka ile ile, 1999 hadi 2002, nao wakakiri: Infineon ililipa faini ya dola milioni 160, Hynix milioni 185, Samsung milioni 300. Rambus nayo ilikuwa mwanachama wa JEDEC hadi mwaka 1996, kisha ikawashitaki wenzake kwa hataza ambazo walisema haikuwahi kuwaonyesha mezani. Tume ya Biashara ya Marekani iliamua dhidi yake mwaka 2006, na mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi huo mwaka 2008. Fedha za Rambus zilipatikana zaidi katika mashitaka kuliko katika moduli.

Duka la Pembeni

Shikamoo Mzee wa Bodi. Swali dogo: mbona PlayStation 2 ilitumia hiyo hiyo RDRAM na ikauzwa dunia nzima?

Mzee wa Bodi

Marahaba. Umegusa penyewe. PlayStation 2 ilikuwa na megabaiti 32 katika chipu mbili, na kabla yake Nintendo 64 ya mwaka 1996 ilikuwa na RDRAM ya kizazi cha mwanzo. Zote zilichomelewa moja kwa moja kwenye bodi. Kwenye PlayStation 2 hakuna nafasi za kuziba, hakuna mnunuzi wa kuongeza moduli baadaye, na njia ya biti 16 kwa kila chipu inamaanisha nyaya chache kwenye bodi, yaani bodi ya bei nafuu zaidi. Kilichokuwa mzigo kwenye kompyuta ya mezani kilikuwa nafuu kwenye mashine iliyofungwa.

Tabaka Mia

Naheshimu maelezo ya Mzee, lakini nadhani yanaacha picha kwamba tatizo lilikuwa mrabaha na siasa za viwango. 3D XPoint haikuwa na adui wa aina hiyo. Wamiliki wake walikuwa Intel, bingwa wa prosesa za seva, na Micron, mmoja wa watengenezaji watatu wakubwa wa DRAM duniani. Walikuwa na kiwanda chao Lehi, Utah. Bado ilikufa, na ilikufa ikiwa na kasi.

Walipoitangaza walisema ina kasi mara elfu ya flashi ya NAND, ile iliyomo kwenye SSD. Bidhaa ilipotoka mwaka 2017, diski ya P4800X ilijibu ombi kwa takriban mikrosekunde 10, wakati SSD nzuri ya NAND ilihitaji 80 au zaidi. Huo ni ubora wa kweli, hasa kwa hifadhidata inayosoma vipande vidogo vidogo bila mpangilio, ingawa uko mbali na mara elfu. Aprili 2019 zikafuata moduli za kuchomeka kwenye nafasi ya RAM, za gigabaiti 128, 256 na 512, zikiwa na uwezo wa kubaki na data umeme ukikatika. Sijaona tena kitu kilichonivutia kiasi kile kama mhandisi.

Tatizo lilikuwa kwenye matabaka, na hapa naomba Mwalimu alichore ubaoni. Katika NAND ya kisasa, kiwanda kinapanga matabaka mengi ya vifaa viwili kwa kupokezana, kisha kinatoboa matundu membamba kutoka juu hadi chini kwa mkupuo mmoja, na kila tundu linapopita tabaka linazaliwa seli. Ukiongeza matabaka kutoka 64 hadi 128, hatua zile za gharama kubwa za kuchora kwa mwanga haziongezeki mara mbili. 3D XPoint ilikuwa tofauti: seli ilikaa kwenye makutano ya waya wa juu na waya wa chini, kwa hiyo kila tabaka jipya la seli lilidai kuchorwa na kuchongwa upya peke yake. Kizazi cha kwanza kilikuwa na matabaka mawili. NAND ya wakati huo ilikuwa na 64, na leo imevuka 300.

Matokeo yake yalionekana kwenye bei. P4800X ya gigabaiti 375 ilitangazwa kwa dola 1,520, yaani zaidi ya dola nne kwa gigabaiti. Hapo ukawa katikati pasipokalika: ghali mno kuishinda NAND kwa kuhifadhi, na polepole mno kuishinda DRAM kwa kukokotoa. Pengo kati ya DRAM na flashi lilikuwepo kweli, lakini kila bei ya DRAM ilipoporomoka mnunuzi wa seva aliongeza DRAM na kulisahau pengo.

Kisha kuna suala la kufungwa kwa mmoja. Moduli za Optane zilikubali prosesa za seva za Intel, Xeon, za vizazi vilivyoteuliwa tu. Mwenye seva za AMD hakuwa mteja. Kiwanda kinachotengeneza kidogo hakishushi bei, na bei isiposhuka wateja hawaongezeki. Machi 2021 Micron ilijitoa na kiwanda cha Lehi kikaenda kwa Texas Instruments. Julai 2022 Intel ikatangaza kufunga Optane na kufuta kwenye vitabu vyake bidhaa za dola milioni 559. Kigezo changu basi ni gharama ya biti moja ikitoka kiwandani. Kasi inafuata nyuma yake kwa mbali.

Fundi Mita

Ndugu Tabaka Mia, kigezo chako kinafaa kwa anayenunua gigabaiti. Mimi nanunua kilobaiti, na kwangu hesabu inageuka kabisa.

Kazi yangu ni kubuni mita za maji za malipo ya kabla. Mita inapaswa kukumbuka salio la mteja hata umeme ukikatika katikati ya kuandika, na sote tunajua umeme wetu haupigi hodi ukiondoka. Kwa miaka mingi kifaa cha kawaida kimekuwa EEPROM, chipu ndogo ya kumbukumbu isiyosahau umeme ukikatika. Ni rahisi, inapatikana kila mahali, lakini kuandika ukurasa mmoja kunachukua hadi milisekunde tano, na mahali pamoja pameahidiwa kuandikwa takriban mara milioni moja. Milioni inasikika kubwa. Andika salio mahali pale pale kila dakika, na hesabu inakwisha kabla ya miaka miwili, wakati mita inatarajiwa kukaa ukutani miaka kumi au zaidi. Ndiyo maana tunaandika programu za kuhamisha salio kutoka anwani moja hadi nyingine ili uchakavu usambae, na programu hizo zenyewe ndizo chanzo cha hitilafu nyingi ninazozikuta, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kuhamisha unabaki na salio mbili na hujui ipi ni ya kweli.

FRAM inaondoa shida hiyo yote. Inaandika kwa kasi ile ile ambayo data inaingia kwenye waya, bila kusubiri, na uvumilivu wake unahesabiwa kwa matrilioni ya maandishi. Nikigundua volti inashuka, chaji iliyobaki kwenye kapasita ya mita inanitosha kuandika kila kitu kwa chini ya milisekunde moja na kufunga. Ninaandika mahali pamoja, kila lita ikipita, bila programu ya ujanja. Chipu inagharimu mara kadhaa ya EEPROM ya ujazo ule ule, na bado mita nzima inatoka nafuu, ukihesabu nauli ya fundi anayekwenda kuibadilisha iliyoharibika.

Sijui ni nani aliyesema kwamba teknolojia isiyoiondoa DRAM imeshindwa. Chipu za FRAM zinazouzwa zimebaki kwenye ujazo wa megabiti, si gigabiti, na wahandisi wa mita hawaombi zivuke hapo.

Tabaka Mia

Nakubali, na naiongeza MRAM kwa sababu hiyo hiyo. Haikupata soko kama RAM ya kompyuta. Chipu kubwa ya Everspin ni gigabiti moja, ambayo ni ndogo mno kando ya DRAM. Lakini flashi inayowekwa ndani ya vidhibiti vidogo, mathalani vile vya magari, imegoma kupungua vizuri chini ya nanomita 28, na viwanda kama TSMC, Samsung na GlobalFoundries sasa vinaijaza nafasi hiyo kwa MRAM iliyochorwa ndani ya chipu yenyewe. Kinachochekesha ni kwamba kumbukumbu ya kubadili hali ya maada, jamaa wa karibu wa 3D XPoint, ipo hai katika vidhibiti vya magari vya STMicroelectronics. Ilifukuzwa kwenye seva ikapata makazi chini ya boneti.

MwalimuSaketi

Nimechora matabaka ubaoni kama ulivyoshauri, na darasa limeelewa. Lakini imebaki moja ambayo hamjaigusa, na ndiyo inayonifanya nishikilie kasi: HBM ni ghali kuliko DRAM yoyote, na inauzwa yote kabla haijatengenezwa. Mnaielezaje?

Binti Seva

Mwalimu, HBM haikuiondoa DRAM, kwa kuwa yenyewe ni DRAM. Seli ni ile ile ya Dennard. Kilichobadilika ni mpangilio: chipu nane, kumi na mbili au zaidi zinarundikwa, zinaunganishwa kwa nguzo ndogo za shaba zinazopenya ndani ya silikoni, na rundo zima linakaa milimita chache kutoka kwenye prosesa kupitia njia ya biti 1,024 hadi kizazi cha HBM3E. Njia ni pana, na kila waya hauhitaji kukimbia sana. Rundo moja la HBM3 hufika gigabaiti 819 kwa sekunde, wakati moduli nzima ya DDR5-4800 inatoa 38.4.

Ingekuwa kasi peke yake ndiyo inayoamua, HBM ingetajirika mwaka 2015, AMD ilipoiweka kwenye kadi ya michoro ya Fury X ikiwa na gigabaiti nne. Haikutajirika. Kadi za michezo zilirudi kwenye GDDR, DRAM ya kawaida ya kadi za michoro, kwa sababu mchezaji hakuwa tayari kulipa tofauti hiyo. Mshindani wake wa karibu, Hybrid Memory Cube wa Micron, alikuwa na kasi pia na akaachwa mwaka 2018. HBM ilikuwa na kiwango cha JEDEC tangu 2013, ile nyingine ikabaki na muungano wake wa pembeni. Hapo Mzee wa Bodi ana haki.

Kilichobadilisha mambo ni mteja. Mifumo mikubwa ya akili mnemba, kwa kila neno inalolitoa, inalazimika kuvuta mabilioni ya vigezo kutoka kwenye kumbukumbu, na prosesa inakaa bure ikisubiri. H100, prosesa ya NVIDIA ya kazi hiyo, ina gigabaiti 80 za HBM3. H200 ina uwezo ule ule wa kukokotoa lakini gigabaiti 141 za HBM3E na terabaiti 4.8 kwa sekunde, na wateja waliigombea kwa sababu ya kumbukumbu tu. Kwa mnunuzi wa namna hiyo, bei ya biti ni sehemu ndogo ya hasara anayoipata prosesa ikilala. SK hynix, iliyoanza mapema, ilifaidika kiasi cha kuipita Samsung kwa mapato ya DRAM katika robo ya kwanza ya mwaka 2025, jambo ambalo miaka michache kabla lingeonekana ndoto.

Kwa hiyo, ukiniuliza ya kwanza, naiweka HBM, lakini matarajio yake nayaona yamefungwa kwenye mkono wa wateja wachache mno. Wakipunguza ujenzi wa vituo vyao, hakuna mnunuzi wa pili wa kuipokea kwa bei ile.

Duka la Pembeni

Dada Binti Seva, mimi ndiye ninayelipia hayo mafanikio. Nauza kompyuta zilizotumika zinazotoka Dubai, na kawaida yetu ni kununua zenye gigabaiti nne au nane, kisha kuziongezea hapa dukani. Tangu robo ya mwisho ya mwaka 2025 wauzaji wa jumla wanabadilisha bei ya RAM kabla sijamaliza kumpigia mteja simu. Wengine wanazing'oa RAM kwenye mashine huko huko na kutuletea makasha matupu. Je, hii itapita, au niweke akiba?

Binti Seva

Kaka, sahani za silikoni, ambazo chipu huchorwa juu yake, ni kama unga kwa mwenye mkahawa: uliokwenda kwenye mkate haurudi kwenye mandazi. Micron yenyewe imeeleza kwamba kutengeneza kiasi fulani cha biti za HBM3E kunakula takriban mara tatu ya sahani ambazo zingetosha kwa biti hizo hizo za DDR5. Watengenezaji wakubwa wamebaki watatu, baada ya Qimonda kufilisika mwaka 2009 na Elpida mwaka 2012, na wote watatu wanaelekeza sahani kule kwenye faida. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya wanunuzi wa kawaida. Kiwanda kipya cha DRAM kinachukua miaka kadhaa kutoka msingi hadi chipu ya kwanza inayouzika.

Wa kuangaliwa ni CXMT ya Hefei, China, iliyoanzishwa mwaka 2016 na ambayo sasa inatengeneza DDR5. Ikiongeza uzalishaji, RAM zake zitafika Dubai kabla ya kufika Ulaya, na ninyi mtaziona mapema.

Kuhusu akiba, nisingefunga fedha kwenye DDR4 kwa wingi. Ni kweli bei yake imepanda kwa kuwa wakubwa wanaizima, lakini historia ya DRAM ni ya bei kupanda kwa haraka na kuporomoka kwa haraka zaidi, na DDR4 haiingii kwenye bodi ya DDR5, kwa hiyo shehena ikikulalia haina pengine pa kwenda. Nunua ya mashine ulizonazo dukani. Na kwenye mashine mpya unazochagua, tazama kwanza kama RAM imechomelewa kwenye bodi, maana hizo hutaweza kuziongezea kwa bei yoyote.